Mwendo wa Kamera na Akili ya Mtazamaji: Sura ya Historia ya Sinema kutoka Milima ya Usambara

Makusudi ya makala haya ni kueleza historia ya jambo moja la ufundi wa sinema, nalo ni mwendo wa kamera: jinsi kamera, iliyoanza kwa kusimama juu ya miguu mitatu, ilivyofundishwa kutembea, na mwisho kuelea bila ya kutikisika, hata mtazamaji akaona kana kwamba ni jicho lake mwenyewe lipitalo hewani. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la mafundi peke yao, wala halina nafasi katika jarida la wachunguzi wa lugha. Lakini katika Afrika mwendo wa kamera uliwahi kufanywa kipimo cha akili za watu. Kwa muda wa miaka 15 na zaidi wakuu wa sinema za makoloni ya Kiingereza walishika kanuni kwamba kamera isigeuzwe wala isitembezwe katika filamu za watazamaji Waafrika wasiosoma. Kwani, walisema, watu hao hawatambui kuwa kilichokwenda ni kamera, nao watadhani kuwa miti na nyumba ndizo ziendazo. Kanuni hiyo ilitegemezwa kwa maneno ambayo watazamaji walisemekana kuyasema. Ikiwa maneno hayo yalifahamiwa sawasawa, hapana budi tuikubali. Ikiwa hayakufahamiwa, basi watu walihukumiwa kwa kosa la mkalimani, na kesi ya namna hiyo yatuhusu sisi kabla ya kumhusu fundi yeyote.

Yafaa kuanza na nchi yenyewe, maana sinema ya mafunzo katika Tanganyika ilianzia katika milima ya Usambara. Msafiri atokaye Mombo hupanda kwa barabara ya kupindapinda mpaka Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Na toka hapo njia za milimani humfikisha Kifungilo, penye konventi na shule ya wasichana. Katika njia hizo hakuna kitu kisimamacho machoni pa msafiri. Kila pindo la barabara hugeuza mlima. Bonde lililokuwa kuume huwa kushoto, na kilele kilichokuwa mbele huonekana kimerudi nyuma. Wala wenyeji hawakungoja motokaa ili waone hayo. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905. Na katika utawala huo huo wa Kijerumani ilijengwa njia ya kamba za chuma iliyoshusha magogo yakining'inia hewani, toka msitu wa Shume mpaka Mkumbara penye reli. Basi ilipofika miaka ya 1930, watu wa Usambara walikuwa na miaka 30 ya kukaa dirishani pa gari la moshi na kuona miti ikipita mbio. Hapana aliyeshuka kituoni akaenda kuitafuta miti hiyo ilikokimbilia.

Neno hili la gari la moshi si mzaha, kwa kuwa ndiko kamera nayo ilikojifunzia kutembea. Ndugu Lumière wa Ufaransa walionyesha picha zao mbele ya watu mwaka 1895, na kamera yao ilisimama mahali pamoja. Mwaka uliofuata mmoja wa wapiga picha wao, Alexandre Promio, aliiweka kamera ndani ya mashua mjini Venice. Mashua ikaenda, na majumba ya kando ya mfereji yakapita mbele ya watazamaji. Baada ya hapo wapiga picha wa Uingereza na Marekani walifunga kamera mbele ya magari ya moshi, na watu wa mijini wakalipa nauli ya safari wasiyokwenda. Mwaka 1914 Giovanni Pastrone wa Italia aliiweka kamera juu ya kigari kilichosukumwa polepole katika filamu yake Cabiria. Mwaka 1924, katika filamu ya F. W. Murnau iitwayo Der letzte Mann, Karl Freund alijifunga kamera kifuani na kutembea nayo. Yaonekana, basi, kwamba watu wa Ulaya hawakuzaliwa na elimu ya kuufahamu mwendo wa kamera. Waliufahamu kwa sababu walikwisha kupanda mashua na magari. Na mtu yeyote aliyekwisha kupanda vyombo hivyo alikuwa na elimu hiyo hiyo.

Jaribio la kwanza la kupima jambo hili katika nchi zetu lilifanywa na Julian Huxley, mtaalamu wa elimu ya viumbe, aliyetumwa Afrika ya Mashariki mwaka 1929 kuchunguza mambo ya elimu. Alichukua filamu chache akazionyesha katika shule mbalimbali, akaona kuwa wanafunzi walizifahamu na kuzifurahia. Naye akapendekeza sinema itumiwe katika mafunzo. Safari yake aliieleza katika kitabu cha Africa View cha mwaka 1931. Ushahidi wake ulikuwa mwepesi, maana watazamaji wake wengi walikuwa watoto wa shule. Walakini ulikuwa ushahidi wa mtu aliyeuliza kabla ya kuhukumu.

Mwaka 1935 ulianzishwa mradi mkubwa zaidi huko Vugiri, katika milima ya Usambara iliyo juu ya Korogwe. Uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Asili yake ni fikira za J. Merle Davis wa International Missionary Council, ambaye alikuwa amechunguza hali ya wafanya kazi wa machimbo ya shaba katika Rhodesia ya Kaskazini. Na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa Carnegie Corporation ya New York. Kazi ya kupiga picha iliongozwa na Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge na kujaribu kuwaonyesha sinema wafanya kazi wake tangu mwaka 1926. Upande wa elimu ulikuwa chini ya G. C. Latham, aliyepata kuwa mkuu wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini. Hata ulipokoma mwaka 1937 mradi ulikuwa umetengeneza filamu 35: juu ya kodi, ngozi, kahawa, mmomonyoko wa udongo, malaria ya watoto, safura, na kadhalika. Moja katika za kwanza ilieleza habari za wafanya kazi wawili: mmoja alifukia fedha zake ardhini zikaibwa, wa pili aliziweka katika benki ya posta. Filamu zenyewe hazikuwa na sauti. Maelezo yalinaswa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, nazo zikachezwa wakati picha zikionyeshwa. Mitambo yote ilichukuliwa kwa lori kwenda Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Serikali hazikukubali kuutegemeza mradi baada ya hapo, na Notcutt na Latham wakaandika habari zake katika kitabu cha The African and the Cinema cha mwaka 1937. Filamu chache tu zimesalia katika hifadhi za Uingereza, mojawapo ikiwa ile ya mashamba ya Kingolwira karibu na Morogoro.

Mradi huo haukuwa huru na mawazo ya wakati wake juu ya Waafrika, lakini tukitaka kufahamu kwa nini picha za siku zile zilikaa kimya mahali pamoja, inatupasa kutazama vyombo kabla ya kutazama mawazo. Vugiri walitumia filamu yenye upana wa milimita 16, iliyotolewa na Kodak mwaka 1923 kwa matumizi ya nyumbani, kwa sababu ilikuwa rahisi na nyepesi kuchukuliwa. Kamera za filamu hiyo aghalabu ziliendeshwa kwa springi iliyojazwa kwa mkono kama saa. Springi ikijazwa mara moja, kamera ilikwenda kwa nusu dakika tu au zaidi kidogo. Desturi ya filamu isiyobeba sauti ilikuwa picha 16 kwa kila sekunde. Kamera ikigeuzwa upesi kwa kipimo hicho, mti ulio ukingoni katika picha ya kwanza huwa umehama mbali katika picha ya pili, na jicho haliwezi kuunganisha mahali pawili. Mti huonekana ukirukaruka. Hata leo, ambapo sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde, fundi hufundishwa kwamba kitu kichukue muda wa sekunde 7 hivi kuvuka picha toka ukingo mmoja mpaka wa pili. Kanuni hii ni ya jicho la binadamu. Haimwulizi mtu kabila lake wala cheti chake. Kadhalika, kichwa cha kamera chenye majimaji mazito ndani yake, kinachozuia mkono usigeuze kwa mishtuko, kilibuniwa na Eric Miller wa Australia katika miaka ya 1940. Kabla yake mpiga picha wa vijijini aligeuza chuma juu ya chuma. Tena picha hiyo hiyo, baada ya kutikiswa katika kupigwa, ilikwenda kuonyeshwa nje usiku, juu ya kitambaa kilichopeperushwa na upepo. Mtu akisema kuwa nyumba zilicheza juu ya kitambaa hicho, amesema kweli.

Sasa tuje kwenye kanuni yenyewe. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, idara ya kutengeneza filamu za makoloni wakati wa vita. Nayo ilidumu mpaka mwaka 1955. Mkuu wa kazi yake alikuwa William Sellers, aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya Nijeria na mtu mwenye bidii kubwa katika kuonyesha sinema vijijini. Mwaka 1941 aliandika kuwa filamu za watu wasiosoma zahitaji ufundi wake peke yake: hadithi iende polepole na kwa mfuatano ulio wazi, hila za kamera ziepukwe, na kamera isigeuzwe, kwani majengo na miti vitaonekana kana kwamba vinakwenda. Filamu zilizofuata mashauri hayo zilipelekwa kwa magari ya sinema katika makoloni mengi, Tanganyika ikiwa miongoni mwao.

Maneno haya hayakufa pamoja na idara. Mwaka 1961 John Wilson alitoa makala juu ya kujifunza kusoma filamu katika Afrika, akasimulia habari ya filamu ya usafi ambayo watazamaji wake, walipoulizwa walichokiona, walimtaja kuku aliyepita kwa nukta chache pembeni mwa picha. Humo humo alieleza kuwa kamera ilipogeuzwa watazamaji walichanganyikiwa, wakadhani kuwa vitu vilivyomo vinakwenda kweli. Mwaka 1962 Marshall McLuhan wa Canada aliyatia maneno ya Wilson katika kitabu chake cha The Gutenberg Galaxy, yawe ushahidi kwamba mtu asiyesoma haoni kama aonavyo msomaji. Kwa njia hiyo, shauri lililotolewa kwa ajili ya kamera za springi na vitambaa vya vijijini lilipanda ngazi hata likawa fundisho la vyuo vikuu juu ya ubongo wa binadamu. Lakini katika kitabu hicho kilicholichukua duniani kote, maneno yenyewe ya watazamaji, kwa lugha yao wenyewe, hayakuwekwa. Tumepewa tafsiri, hatukupewa usemi.

Ni kweli kwamba Sellers alikuwa Nijeria, na watazamaji wake hawakusema Kiswahili. Lakini kanuni ililetwa kwetu pia, na kwa hiyo ni haki kuipima kwa lugha yetu. Tufanye kwamba mzee mmoja wa Usambara ametazama picha ya kamera iliyogeuzwa, akaulizwa, "Umeona nini?" Naye akajibu, "Niliona miti ikienda." Je, jibu hili lathibitisha nini?

Kwanza, ni jibu la kweli. Juu ya kitambaa hamna kamera. Kitambaa kimesimama, mtazamaji ameketi, na sura za miti zinahama toka upande mmoja kwenda upande wa pili. Mwenye kuulizwa alichokiona ametaja alichokiona. Kama alitakiwa kueleza sababu ya mwendo huo, ilipasa aulizwe sababu.

Pili, Kiswahili huvipa vitu mwendo kila siku, na hapana adanganyikaye. Twasema barabara inapanda Lushoto na kuteremka Mombo, ilhali barabara imelala palepale. Twasema jua limetua, na mwezi unakimbia mawinguni. Waingereza nao husema kuwa jua limepanda, ingawa kitabu cha Copernicus kilichapishwa mwaka 1543. Na hapana mtaalamu aliyekwenda kupima akili zao kwa sababu ya usemi huo. Msemaji huchukua mahali aliposimama kuwa ndio shina la usemi wake, na vinginevyo vyote ndivyo viendavyo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kitenzi kuona kina kazi mbili. "Niliona miti ikienda" ni ushahidi wa macho: kitenzi cha pili chenye -ki- chaeleza jambo lilivyokuwa likionekana wakati ule, wala hakidai kuwa msemaji ameliamini. "Niliona kwamba miti ilikwenda" ni hukumu ya moyo, kama mtu asemavyo, "Naona kwamba afadhali turudi." Baina ya semi hizi mbili pana neno moja tu, kwamba, na mabadiliko ya kiambishi, lakini baina ya maana zake pana umbali wa jicho na imani. Mtu atakaye kusema kuwa amedanganyika ana neno tayari: "Nilidhani miti inakwenda." Na atakaye kujilinda asidhaniwe kuwa amedanganyika husema "kama" au "kana kwamba". Mkalimani mwepesi, anayetafsiri usiku mbele ya bwana aliye na haraka, aweza kuitoa -ki- ya macho na kuitia imani mahali pake bila ya kujua kuwa amefanya dhambi. Sisemi kwamba hivyo ndivyo ilivyotokea kila mahali. Nasema kwamba ushahidi usioonyesha ni usemi gani uliotumika katika hizo mbili hauwezi kuthibitisha neno lolote juu ya akili za wasemaji.

Mashahidi wa upande wa pili walikuwapo tangu zamani. Katika Nijeria yenyewe, mtaalamu wa mila Peter Morton-Williams alipewa kazi ya kuchunguza watazamaji wa vijijini, na taarifa yake ya mwaka 1953 yaonyesha kuwa kufahamu au kutofahamu kulitegemea sana kama jambo lililoonyeshwa lilihusiana na maisha ya watu. Katika Gold Coast, Sean Graham, mkuu wa sinema za serikali, alikataa kutengeneza filamu za kitoto kwa ajili ya watu wazima, na The Boy Kumasenu ya mwaka 1952 ni tunda la kukataa huko. Kwetu, ushahidi ulikuwa umejaa barabarani. Zanzibar ilikuwa na jumba la Royal tangu mwaka 1921, na Tanga na Dar es Salaam zilikuwa na majumba yao. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameeleza jinsi watu wa kila namna, wasomi na wasiosoma, walivyoyajaza majumba hayo. Filamu ya Kihindi Awara ya mwaka 1951 ilipendwa mno. Nayo ina sehemu ya ndoto ambamo kamera yapita katika mawingu na ngazi na masanamu. Watu waliitazama kwa lugha wasiyoijua, kamera ikienda itakavyo, wakatoka wakisimulia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili kwa msaada wa kampuni ya Afrika ya Kusini, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu. Mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana mtumishi wa serikali, Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1962 kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru. Mwaka huo huo ndio kitabu cha McLuhan kilichapishwa.

Nchi hizi hizi, ambazo watu wake walikatazwa kuonyeshwa kamera itembeayo, ndizo zilizokuwa uwanja wa kamera kutembea kuliko popote. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipiga picha za Serengeti kutoka katika ndege yao ndogo iliyopakwa milia ya punda milia. Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959, na filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Filamu ya Howard Hawks iitwayo Hatari! ya mwaka 1962, ambayo jina lake ni neno letu, ilipigwa Tanganyika kwa kamera zilizofungwa juu ya magari yaliyowafukuza vifaru na twiga mbugani. Katika miaka ya 1970 Alan na Joan Root wa Kenya walipanda puto na kupita juu ya mbuga na juu ya Kilimanjaro kimya kimya, kamera ikielea kwa maana halisi ya neno. Lakini ndege, gari na puto ni vyombo vya wenye fedha. Mtu wa miguu alikuwa bado na picha ya kutikisika.

Aliyemfungua mtu wa miguu ni Garrett Brown wa Philadelphia, Marekani, aliyebuni chombo kiitwacho Steadicam. Kilitumika katika Bound for Glory na Rocky, zote mbili za mwaka 1976. Na mwaka 1978 akapewa tuzo ya Academy kwa uvumbuzi huo. Siri zake ni tatu. Ya kwanza ni mkono wa chuma wenye springi, uliofungwa katika fulana ngumu avaayo mpiga picha, ambao humeza kila hatua kabla haijafika kwenye kamera. Ya pili ni kwamba kamera hushikwa karibu na kitovu cha uzito wake, juu ya kiungo kigeukacho kila upande, hata mkono ukiyumba kamera haiyumbi. Ya tatu ni kutenganisha mizigo: kamera huwekwa juu ya fimbo, betri na kioo cha kutazamia chini yake, na kitu ambacho uzito wake umetawanywa hivyo huwa kizito kugeuka. Wapagazi wetu waliijua siri hii ya tatu, maana mzega ni mti mmoja wenye mizigo miwili, na mzigo mmoja ndio utulizao wa pili.

Ya kwanza nayo haikuwa ngeni milimani. Mwanamke ateremkaye njia za Kifungilo na ndoo ya maji kichwani, juu ya ngata, afanya kwa mwili wake kazi ifanywayo na springi za Brown. Magoti hukunjika kidogo, kiuno hupokea mshtuko wa hatua, shingo hunyooka, na ndoo huenda mbele kwa mstari mmoja kama kwamba haina habari ya miguu iliyo chini yake. Maji hayamwagiki. Sisemi kwamba Brown alijifunza kwake. Nasema kwamba jambo ni moja, na atakayemfundisha mpiga picha wa Lushoto hana haja ya kutafuta mfano ng'ambo.

Mfano huo una faida leo kuliko jana. Tangu mwaka 2013, kampuni ya Freefly ilipoonyesha chombo chake kiitwacho Movi, springi zimeanza kuachia nafasi mota za umeme. Vipimo vidogo huhisi kila mgeuko wa kamera, na mota tatu huurudisha papo hapo kwa upande wa pili. Asili ya wazo hili ni kongwe: dira ya melini hukaa katika pete mbili, moja ndani ya nyingine, ili chombo kikilala juu ya wimbi dira isilale. Chombo cha namna hii sasa chauzwa hata kwa ajili ya simu ya mkononi, na vijana wa arusi na wa nyimbo wanacho. Lakini mota tatu huzuia kugeuka. Haziwezi kuzuia kupanda na kushuka kwa hatua. Mpiga picha akitembea kama askari wa gwaride, picha yake itarukaruka pamoja na mota zake zote. Hapana budi akunje magoti, aguse ardhi kwa kisigino kwanza, na mwili wake uwe kama wa yule mwenye ndoo.

Imebaki haja ya maneno. Kamera ikigeuka mahali pamoja, twaweza kusema kugeuza kwa upande, na kuinua au kuinamisha kwa juu na chini. Maneno haya yanatosha. Kamera ikienda pamoja na mtu, lipo neno kusindikiza, ambalo ni bora kuliko kufuata, maana afuataye yu nyuma, na asindikizaye aweza kuwa ubavuni. Kwa mwendo laini, wengine husema kuteleza. Lakini kuteleza kuna hatari ya kuanguka ndani yake. Kuserereka kwafaa pale tu kamera ishukapo mteremko. Mabaharia wametuachia neno shwari, la bahari isiyo na wimbi. Nami napendekeza mwendo shwari uwe jina la mwendo wowote usiotikisika, na kuelea kuwekwe kwa ule ambao mtazamaji haoni mguu wala gurudumu lililouchukua. Kwa chombo chenye mota, vijana husema gimbali, na hakuna ubaya. Ila fundi aelezwe kwamba ni pete za dira, apate kujua kazi yake.

Akili ni nywele, husema wahenga, kila mtu ana zake. Katika habari hii wenye kamera walitazama picha zao zikitikisika, wakatafuta kosa katika vichwa vya watazamaji; kumbe sehemu kubwa ya kosa ilikuwa katika springi, katika kitambaa, na katika kitenzi kilichotafsiriwa kwa haraka. Springi zimekwisha kutengenezwa. Kazi ya kitenzi ni yetu: kila tunapoletewa habari ya yale ambayo watu wetu huyaona au hawayaoni, tuombe kwanza tuonyeshwe walivyosema, kwa lugha waliyoisema.